Jiwe au Mnyama? Historia ya Utafiti na Hifadhi ya Matumbawe katika Lugha ya Kiswahili



Najua wapo miongoni mwenu waliostaajabu walipoona mada. Mtu aliyetumia umri wake kuchambua ngeli za nomino, tena mzaliwa wa Mtendeli katika nyanda za juu za Kigoma, ana nini cha kusema juu ya matumbawe? Swali hilo ni la haki, nami nitaanza kwa kulijibu.

1. Utangulizi: Swali la Darasa la Nne

Mwaka 1971 nilikuwa darasa la nne katika shule ya msingi kijijini Mtendeli. Siku hizo kijiji kilikuwa katika Wilaya ya Kibondo. Wilaya mpya ya Kakonko ilizaliwa mwaka 2012. Nyumbani tulizungumza Kiha. Shuleni tulifundishwa kwa Kiswahili, kwa kuwa tangu mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi nchini. Mwalimu wetu alitoka Tanga. Siku moja alileta darasani kitu cheupe, chepesi, chenye vitundu vingi kama sega la nyuki. Akasema: "Hili ni tumbawe. Linatoka baharini. Zamani lilikuwa hai."

Tulikipitisha mkono kwa mkono. Kwetu sisi kilikuwa *ibuye*, jiwe. Lakini mwalimu huyo huyo ndiye aliyekuwa akitusahihisha kila siku tuliposema "ng'ombe inakula". Katika Kiha, ng'ombe hufuata upatanisho wa ngeli ya jina lake, kwa hiyo kosa hilo lilitujia bila kufikiri. Yeye alisisitiza kwamba katika Kiswahili chenye uhai wa mtu au wa mnyama kina upatanisho wake: ng'ombe *anakula*, kipepeo *anaruka*, samaki *anaogelea*. Basi mwanafunzi mmoja akauliza: "Mwalimu, kama lilikuwa hai, mbona husemi *alikuwa* hai?" Mwalimu alicheka, akasema kwamba tumbawe ni tumbawe, tuendelee na somo.

Mwanafunzi yule nilikuwa mimi. Swali sikulisahau, na mhadhara huu ni jaribio la kulijibu kwa kuchelewa.

Yafaa pia tuangalie ramani. Mito mingi ya Kibondo na Kasulu huingia Muyovozi na Malagarasi. Malagarasi humwaga maji yake Ziwa Tanganyika, na ziwa hutoka kwa mto Lukuga hadi Kongo, na Kongo hadi Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo hakuna tone la maji ya mito hiyo linalofika katika miamba ya Tanga, Mafia au Unguja. Kilichotufikisha sisi watoto wa Mtendeli mbele ya tumbawe hakikuwa mto. Ilikuwa lugha. Ndiyo maana naamini kwamba historia ya matumbawe ni sehemu halali ya taaluma za Kiswahili. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kiliyajua matumbawe karne nyingi kama jiwe na kama pambo, kikachelewa kuyataja kama kiumbe. Na kuchelewa huko kumekuwa na gharama katika kazi ya kuyahifadhi.

2. Majina ya Kale: Tumbawe, Marijani na Mwamba

Neno *tumbawe*, au *matumbawe* kwa wingi, limekaa katika midomo ya waashi kabla ya kukaa katika midomo ya wanasayansi. Anayetembelea Kilwa Kisiwani ataona ushahidi. Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye, na kasri la Husuni Kubwa la mwanzoni mwa karne ya 14, ni majengo ya mawe ya bahari. Mafundi walitumia aina mbili za mawe hayo. Kuta zilijengwa kwa mawe magumu yaliyochimbwa nchi kavu, ambayo ni miamba ya matumbawe ya kale iliyobaki juu bahari iliposhuka. Kwa mihirabu, vizingiti na nakshi walikata matumbawe mabichi kutoka majini. Yakiwa mabichi hukatika na kuchongeka kwa urahisi, na yakikauka huwa magumu. Matumbawe hayo hayo yalichomwa kwa kuni na kuwa chokaa iliyounganisha kuta. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Wakusanyaji wa mwanzo wa msamiati wa Kiswahili walilipokea neno kwa maana hiyo ya ujenzi. Kitabu cha mwongozo wa Kiswahili cha Edward Steere, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1870, kinayaeleza *matumbawi* kwa kutaja mahali yanapokatwa, yaani chini ya kikomo cha maji kujaa, na kazi yake, yaani mapaa na sehemu zinazohitaji wepesi. Hayo ni maelezo sahihi ya fundi. Hakuna ndani yake kinachokula, kinachozaa wala kinachokufa. Tena sikio la Mswahili husikia *mawe* ndani ya neno lenyewe, na upatanisho wa *li-* na *ya-* huimarisha usikizi huo.

Neno la pili ni *marijani*, lililotoka katika Kiarabu. Hili ni la masonara na wafanyabiashara wa shanga. Lilitaja kito chekundu cha kuvaa shingoni, ambacho kwa asili kilivunwa Bahari ya Kati. Watu wengi waliovaa marijani hawakuyahusisha hata kidogo na jiwe jeupe lililokuwa katika kuta za nyumba zao, ingawa kwa sayansi vitu hivi ni ndugu.

Wavuvi walikuwa na msamiati wa tatu, nao ulikuwa wa mahali. Wao walisema *mwamba*, *fungu*, *kipwa*, kisha wakaupa kila mwamba jina lake, kwa sababu jina hilo ndilo lililomwezesha nahodha kurudi mahali penye samaki na kuepuka mahali penye hatari. Fungu Yasini mbele ya Dar es Salaam na Tutia kusini mwa Mafia ni majina ya aina hiyo, na wanasayansi waliyakuta yakiwa tayari.

Msamiati wa wavuvi ulibeba elimu kubwa ya viumbe. Chukueni mfano mmoja. Hata Mtendeli mtoto mvivu wa kuamka huambiwa amelala usingizi wa pono. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba pono ni samaki wa miambani, mwenye mdomo mgumu unaokwangua matumbawe na kuyatoa tena kama mchanga. Wanasayansi wameeleza kwamba baadhi ya aina za pono hulala usiku ndani ya kifuko cha ute wanachojitengenezea. Aliyetunga msemo huo alimwona samaki huyo usiku, akauhifadhi uchunguzi wake katika lugha, nayo lugha ikaufikisha mamia ya kilomita kutoka baharini.

3. Sayansi Nayo Ilisitasita

Tusidhani kwamba ni Waswahili peke yao walioona jiwe. Huko Ulaya, hadi karne ya 18, wasomi wengi waliamini kwamba marijani ni mmea. Mwanzoni mwa karne hiyo Mwitalia Marsigli aliyaweka marijani mabichi katika maji ya bahari, akaona vitu kama petali vikifunguka, akatangaza kwamba ameona maua yake. Ni daktari wa Marseille, Jean-André Peyssonnel, aliyechunguza marijani katika pwani ya Ufaransa na ya Afrika Kaskazini miaka ya 1720, akasema kwamba maua hayo ni wanyama. Mwanasayansi mashuhuri Réaumur, alipoyazungumzia mawazo hayo mbele ya Akademia ya Paris mwaka 1727, aliyakataa na kuficha jina la mwandishi, akidhani anamsitiri. Hadi miaka ya 1740, baada ya uchunguzi wa Abraham Trembley juu ya mnyama mdogo wa maji baridi aitwaye haidra, ndipo Peyssonnel alipoaminiwa.

Mnyama huyo wa matumbawe siku hizi tunamwita *polipi*. Ni kifuko kidogo chenye mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri. Hufyonza madini ya maji ya bahari na kujijengea kikombe cha chokaa. Maelfu huishi pamoja wakiwa wameungana, vizazi hujenga juu ya vizazi, na mwamba huinuka. Ndani ya mwili wa polipi huishi mwani wa seli moja, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Msafara wa Waingereza uliofanya kazi katika miamba mikubwa ya Australia mwaka 1928 na 1929, ukiongozwa na C. M. Yonge, uliuchunguza kwa kina uhusiano huo, na tafiti zilizofuata zikathibitisha kwamba chakula cha mwani ndicho kinachomwezesha mnyama kujenga kwa kasi. Ndiyo sababu miamba hustawi penye maji maangavu na ya kina kifupi.

Kuhusu umbo la miamba yenyewe, Charles Darwin alitoa nadharia yake katika kitabu cha mwaka 1842. Alisema kwamba mwamba huanza ukingoni mwa kisiwa. Kisiwa kikizama polepole, mwamba huendelea kukua kwenda juu, hata mwishowe hubaki pete ya matumbawe bila kisiwa. Mwaka 1952 wachimbaji katika kisiwa cha Enewetak, Bahari ya Pasifiki, walipita zaidi ya mita 1,200 za chokaa kabla ya kulifikia jiwe la volkano. Darwin alikuwa amesema kweli kuhusu visiwa vya aina hiyo.

Pwani yetu iliingia katika maandishi ya sayansi mwishoni mwa karne ya 19. Mjerumani Arnold Ortmann alichapisha mwaka 1892 makala kuhusu miamba ya matumbawe ya Dar es Salaam na jirani zake. Mwingereza Cyril Crossland alifanya kazi Unguja mwaka 1901 na 1902, akachapisha matokeo yake kuhusu Unguja, Pemba na mwambao wa bara. Kazi hizo zina thamani hadi leo. Hata hivyo ziliandikwa kwa Kijerumani na Kiingereza, na elimu hiyo haikurudi kwa Kiswahili kwa mabaharia wa pwani.

Katika miaka hiyo hiyo Kigoma nayo ilidhaniwa kuwa bahari. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona yavuyavu katika Ziwa Tanganyika. Yavuyavu ni jamaa wa matumbawe katika faila moja ya wanyama, na jamaa zake wengi huishi baharini. Mwingereza J. E. S. Moore aliongoza safari mbili za utafiti, akadai katika kitabu chake cha mwaka 1903 kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya enzi za Jurasiki. W. A. Cunnington, aliyefanya utafiti ziwani mwaka 1904 na 1905, hakuona ushahidi wa kutosha, na sasa tunajua kwamba ziwa lina umri wa takriban miaka milioni 9 hadi 12, wakati enzi za Jurasiki ziliisha miaka milioni 145 hivi iliyopita. Moore alikosea, lakini kosa lake liliwaleta wataalamu ziwani, na ziwa likajulikana kuwa hazina ya viumbe wasiopatikana kwingine.

4. Kutoka Utafiti hadi Hifadhi

Katika miaka ya 1950 Unguja ilikuwa makao ya shirika la utafiti wa uvuvi wa bahari kwa Afrika Mashariki yote. Urithi wake uliingia katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1978. Kuanzia hapo utafiti wa matumbawe ulianza kuwa kazi ya wataalamu wenyeji, ambao wengi wao ni wazungumzaji wa Kiswahili tangu utotoni.

Hifadhi zilianza Kenya, ambako mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968. Tanzania Bara ilipata Sheria ya Uvuvi mwaka 1970, iliyopiga marufuku uvuvi wa baruti. Mwaka 1975 visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, pamoja na Maziwi karibu na Pangani, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu. Kwa miaka mingi hifadhi hizo zilikuwa za karatasi tu. Hapakuwa na boti wala askari wa kutosha, na mlio wa baruti uliendelea kusikika. Baruti moja huua samaki wakubwa na wadogo kwa pamoja, na husaga matumbawe yakawa kifusi. Kifusi hicho hutikisika kwa kila wimbi, hivyo watoto wa polipi hawapati mahali imara pa kushika, na pigo la sekunde moja hubaki kuwa jangwa kwa miongo kadhaa. Wakati huo huo, matumbawe mabichi yaliendelea kuchimbwa na kuchomwa chokaa.

Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1990. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilipitishwa mwaka 1994, na mwaka 1995 ilizaliwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, yenye kilomita za mraba 822. Hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilifuata mwaka 2000, na ya silikanti huko Tanga mwaka 2009. Nataka hasa tuangalie mifano miwili, Chumbe na Tanga, kwa sababu yote miwili inagusa lugha.

Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wa magharibi mwa kisiwa kidogo cha Chumbe kuwa hifadhi, chini ya usimamizi wa mradi binafsi. Waanzilishi wa mradi waliandika kwamba jambo lililowashangaza ni kuona matumbawe yakiitwa kwa kawaida "mawe na miamba", na kwamba hata baadhi ya maofisa hawakufahamu kuwa ni viumbe hai. Hawakuanza kwa bunduki. Walichukua wavuvi wa vijiji jirani wakawa walinzi wasio na silaha, na kazi ya walinzi hao ilikuwa kuzungumza na wavuvi wenzao, kwa lugha yao, juu ya mwamba kama mahali pa mazalia. Wanafunzi wa shule walipelekwa kisiwani, wakavaa miwani ya kuogelea, wakaona. Mwaka 2000 mradi huo ulipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya mazingira iitwayo Global 500.

Tanga nako, kuanzia mwaka 1994, programu ya hifadhi ya pwani ilikaa na vijiji na kupanga maeneo ya usimamizi wa pamoja. Miamba iliyofungwa kwa makubaliano, kama Kitanga na Upangu mbele ya Kigombe, ilijadiliwa kwa majina ambayo kila mvuvi aliyajua. Mwenye kuambiwa kwamba "Upangu umefungwa" anajua mpaka ulipo. Mwenye kupewa ramani ya nyuzi za latitudo anahitaji mtu wa kumfasiria, na penye mfasiri pana nafasi ya kudai sikuelewa. Mafanikio ya Tanga hayakudumu yote; baruti ilirudi kwa nguvu miaka ya 2000, na ilipungua sana baada ya vyombo mbalimbali vya dola kuunganisha nguvu kuanzia mwaka 2015. Hata hivyo funzo la lugha lilibaki.

5. Kupauka

Mwaka 1998 lilikuja janga ambalo mlinzi wala mvuvi hakuweza kulizuia. Joto la Bahari ya Hindi lilipanda kwa sababu ya El Niño juu ya ongezeko la joto la dunia. Maji yakizidi kwa nyuzi moja hivi joto la juu la kawaida ya mahali, na hali hiyo ikaendelea kwa wiki kadhaa, polipi huwatoa mwani waliomo mwilini mwao. Kwa kuwa rangi ni ya mwani, tumbawe hubaki jeupe. Kama joto halishuki mapema, polipi hufa kwa njaa. Inakadiriwa kwamba asilimia 16 ya miamba ya matumbawe ya dunia iliharibika vibaya mwaka huo, na miamba ya Mafia ilikuwa miongoni mwa ile iliyopata pigo kubwa katika pwani yetu. Mwaka 1999 wataalamu wa ukanda huu waliunda mtandao wa CORDIO ili kufuatilia uharibifu na uponaji. Joto kali lilirudi mwaka 2016 na tena mwaka 2024. Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na David Obura wa Kenya walitoa tathmini kwamba miamba yote ya Magharibi ya Bahari ya Hindi imo hatarini kuporomoka katika muda wa miaka 50.

Kiswahili kililipa janga hilo jina zuri: *kupauka*. Neno hili halikubuniwa mezani. Ngozi hupauka wakati wa kiangazi, nguo hupauka juani, na mama yeyote wa Mtendeli anajua kwamba mtoto aliyepauka ana dhiki mwilini. Nilipowaeleza wazee wa kijijini kwetu kwamba matumbawe yanapauka kwa joto, hawakuuliza maana. Waliuliza: "Yanapakwa nini?" Hawajawahi kuona bahari, lakini swali lao lilikuwa la watu wanaozungumzia kiumbe.

6. Je, Sarufi Ina Hatia?

Sasa nirudi katika swali la darasa la nne. Mtu anaweza kupendekeza kwamba turekebishe upatanisho, tuseme "tumbawe amekufa" na "matumbawe wamepauka". Sikubaliani, kwa sababu mbili. Kwanza, lugha haibadilishwi kwa amri. Pili, upatanisho wa zamani una ukweli wake. Tumbawe tunaloliona ni jengo pamoja na wajenzi wake, na sehemu kubwa ya jengo haina uhai. Kiswahili kinaturuhusu kutofautisha: *polipi anakula*, *tumbawe linakua*, *mwamba unainuka*. Upatanisho wa aina tatu unataja viwango vitatu vya ukweli mmoja, na mwalimu anayeutumia kwa makini amekwisha kufundisha nusu ya somo.

Kuna pingamizi zito zaidi, nami sitalikwepa. Mwenzangu mmoja aliposoma rasimu ya mhadhara huu aliniambia: samaki tunampa upatanisho wa viumbe hai tangu zamani, na bado tunamlipua kwa baruti. Basi sarufi imemwokoa nani? Nakiri kwamba hajakosea. Anayerusha baruti anajua vizuri kwamba samaki ana uhai. Anachokitafuta ni fedha ya siku hiyo, mara nyingi akisukumwa na umaskini au na wafadhili wasioonekana. Neno peke yake halizuii mkono.

Hata hivyo, pingamizi hilo linahusu nia, na mimi nazungumzia uelewa. Mvuvi anayevua samaki wachanga anajua amechukua nini kutoka kesho. Fundi anayechukua tumbawe kuchoma chokaa, na mtoto anayelikanyaga akitafuta pweza, kama wameambiwa maisha yao yote kwamba hilo ni jiwe, hawana cha kujiuliza. Sheria ikija kuwaadhibu kwa kuvunja jiwe, wataiona kuwa dhuluma. Tukumbuke pia kwamba kwa miongo mingi sheria zetu zilitungwa kwa Kiingereza, zikasomwa na wachache. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini. Hiyo ni fursa, na sisi wanaisimu tutaulizwa tumeitumiaje.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kamusi zetu ziliorodheshe *tumbawe* kwa maana zote mbili, ya kiumbe na ya jiwe la ujenzi, na ya kiumbe itangulie. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilionyesha mwaka 1990, kwa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kwamba kazi ya aina hii inawezekana. Pili, wanafunzi wa isimu watumwe pwani kukusanya majina ya miamba, ya samaki na ya mikondo kutoka kwa wavuvi wazee, pamoja na maelezo yao. Mzee mmoja akifa na majina ya miamba 40, hakuna chombo cha setilaiti kitakachoyarudisha. Tatu, tafiti zinazofanywa katika maji yetu ziwe na muhtasari wa Kiswahili, unaofikishwa katika kijiji kilichomtoa mtafiti boti na nahodha.

7. Hitimisho

Nimesema kwamba maji ya Mtendeli hayafiki Bahari ya Hindi. Yanafika ziwani, na huko nako kuna miamba yenye viumbe wake. Watafiti walionyesha mwaka 1993 kwamba mahali ambapo udongo mwingi unasombwa kuingia Ziwa Tanganyika pana aina chache za viumbe kuliko penye maji safi. Udongo hutoka milimani, miti inapokatwa. Sisi tuliona misitu ya Kibondo ikipungua kwa mashamba, kwa mkaa, na kwa kuni za wenyeji na za wakimbizi waliokimbilia kwetu kutoka Burundi. Kambi ya Mtendeli ya miaka ya 1990 ilifungwa, ikafunguliwa tena mwaka 2016, ikafungwa tena mwaka 2021. Silaumu aliyekata kuni ili apike. Nasema tu kwamba ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya Ramsar, ina jukumu la kuchuja udongo huo, nasi tulio juu yake tunapaswa kujua kinachoishi chini yake, kwa maneno tunayoyaelewa.

Mwaka jana nilirudi katika shule yangu. Sikuwa na kipande cha tumbawe, kwa kuwa siku hizi sithubutu kukiomba. Nilikuwa na picha. Nikawauliza watoto ni kitu gani. Mmoja akasema ni jiwe, mwingine akasema ni ua. Nikawaambia kwamba wasomi wakubwa wa Ulaya walibishana miaka mingi juu ya majibu hayo hayo mawili. Kisha nikawaeleza juu ya polipi. Msichana mmoja akanyoosha mkono, akauliza: "Kwa hiyo *anaishi* ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe?" Alitumia upatanisho sahihi bila kufundishwa na mtu. Nikamjibu kwamba ndiyo, na kwamba nyumba ikivunjwa, mwenyewe hufa.